Mafini ya Vegani Si ya Matajiri, na Mimi Nilisaidia Kuwadanganya

Leo sina salamu ndefu. Kuna kitu imenikaa kwa koo tangu Machi, na nikiendelea kunyamaza nitakuwa tu mnafiki wa kulipwa mwenye kamera nzuri.

Mnakumbuka ile video yangu ya mafini ya chokoleti ya vegani, ile yenye pilipili? Ile niliuma mara moja, nikafunga macho, nikasema hii ndio mafini tamu zaidi Nairobi na mwili wako utakushukuru? Ilitazamwa kuliko kitu yoyote nimewahi kuweka. Wengi wenu mlinijulia hapo.

Sasa sikizeni ukweli. Nililipwa shilingi elfu nane kusema hivyo. Mafini yenyewe nilipewa bure, sanduku nzima. Ilikuwa kavu kiasi. Niliuma mara moja tu kwa kamera, zingine nikapelekea mathe, na mathe akazichovya kwa chai ndio zishuke. Pale kwa mkahawa moja iliuzwa shilingi mia nne na hamsini. Moja. Si dazeni.

Ningenyamaza hadi leo kama si ujumbe mmoja. Ulitoka kwa dada fulani anaishi Kayole, amemaliza kidato cha nne, anasaidia mamake kuuza mboga. Ana kaka mdogo ambaye mwili wake haukubali mayai. Akila keki ya kawaida anafura midomo na anaanza kupiga chafya. Kila siku ya kuzaliwa ya mtoto yeyote pale mtaani, huyo kijana hupewa soda na biskuti, anakaa kando akiona wenzake wakipakana keki usoni. Alikuwa anafikisha miaka tisa. Dada yake aliona video yangu, akaweka pesa kidogo kidogo, akapanda matatu hadi Westlands, akanunua mbili. Mia tisa. Nauli ya kurudi ikabaki ya hadi taoni peke yake. Kutoka taoni hadi Kayole alitembea kwa miguu, na kile kisanduku kwa mkono.

Hakunitukana. Aliandika hivi tu: "Alizipenda. Lakini nilitaka kukuuliza, wewe ungelipa hiyo bei?"

Jibu ni hapana. Singelipa. Nilijua singelipa wakati nilikuwa nawaambia nyinyi mlipe.

Kwa hivyo leo nalipa deni. Nitawaambia uongo ambao mimi na wenzangu wa hii kazi tumewauzia kuhusu chakula cha vegani, halafu niwape mafini yenyewe, vipimo na kila kitu, mpike nyumbani. Kama kuna mkahawa utakasirika, ukasirike.

Uongo wa kwanza: vegani ni bei ghali

Neno lenyewe tuelewane kwanza. Chakula cha vegani hakina kitu kimetoka kwa mnyama: hakuna nyama, samaki, maziwa, siagi, mayai, hata asali. Basi. Hiyo ndiyo maana yote. Haisemi lazima uwe na mkeka wa yoga ama chupa ya maji ya elfu mbili.

Sasa toa vitu ghali kwa keki uone kinabaki nini. Mayai, siagi, maziwa. Hivyo ndivyo vitu mathe akienda duka anasimama akifikiria. Ukivitoa, unabaki na unga, sukari, mafuta, maji na kakao. Inawezekanaje utoe vitu vya bei halafu bei ipande mara tatu?

Nilipiga hesabu jikoni kwangu, na risiti za duka la mtaa mkononi. Mafini kumi na mbili, pamoja na gesi na vile vikombe vya karatasi, hazikufika shilingi mia tatu. Hiyo ni chini ya shilingi ishirini na tano kwa moja. Na karibu nusu ya hiyo pesa ilienda kwa kakao.

Najua mtu atasema, "Lakini mkahawa unalipa kodi ya nyumba, stima, wafanyakazi." Ni kweli. Nimefanya kazi ya kuhudumu mezani, najua. Wakiniambia mia na hamsini naelewa, hata mia mbili. Muuzaji lazima ale. Shida yangu haiko kwa faida. Shida yangu ni ile hadithi wanauza pamoja na mafini, kwamba ni ghali kwa sababu ni ya vegani. Hiyo ni uongo mtupu. Ni ghali kwa sababu kuna mtu ameamua hii chakula ina watu wake, na wewe wa Kayole si mmoja wao. Na mtu wa kuipamba hiyo hadithi ilingae alikuwa mimi.

Watu walijua hii zamani. Kule Marekani, wakati wa shida, akina mama hawakuwa na mayai wala siagi. Walioka keki ya chokoleti kwa unga, kakao, mafuta, maji, bekingi soda na siki. Siki ikikutana na soda inatoa hewa, hiyo hewa inainua keki. Hawakuiita vegani. Ilikuwa tu keki ya watu hawana pesa. Na sasa hiyo hiyo keki ya watu hawana pesa ndio tunauziwa mia nne na hamsini. Aki cheka kidogo halafu ukasirike.

Uongo wa pili: vegani ni mambo ya wazungu

Huu sasa si wa mikahawa. Huu ni wenu, nyinyi mnaonicheka kila nikitaja hii kitu. "Buda umeanza kula majani?" "Hiyo ni chakula ya wazungu."

Neno ndio lao, nakubali. Mwingereza mmoja, Donald Watson, ndiye alilianzisha na wenzake mwaka 1944. Lakini chakula? Niambie githeri ya mahindi na maharagwe ina mnyama gani. Muthokoi je? Ndengu? Ugali na sukuma iliyokaangwa na mafuta ya chupa? Nenda Mombasa asubuhi ukae chini uletewe mahamri na mbaazi za nazi. Mahamri ni unga, sukari, hamira, iliki na tui la nazi. Vitumbua ni mchele, nazi, sukari, hamira, iliki. Watu wa Pwani wanakula vegani asubuhi kabla hujaamka kubishana na mimi, na hakuna mtu anawaambia wamepotea.

Nenda kwa mkahawa wowote wa Kihabeshi hapa Nairobi siku ya Jumatano ama Ijumaa, uitishe beyaynetu. Wakristo wa Kiorthodoksi wa Ethiopia wakifunga hawagusi nyama, maziwa wala mayai, na ile mfungo kubwa ya kabla ya Pasaka ni siku 55. Hiyo desturi ni ya zamani kabla babu ya Donald Watson hajazaliwa. Tembea Ngara ama Parklands uulize keki isiyo na mayai. Hutaangaliwa kama mwendawazimu. Kuna familia za Kihindi pale ambazo hazijawahi kuweka yai kwa keki maisha yao yote, na watoto wao wanapuliza mishumaa kila mwaka kama kawaida. Rasta wa mtaani kwenu naye amekuwa akikueleza kuhusu chakula safi tangu uko darasa la nne, lakini ulikuwa unamwona msee wa ajabu.

Kwa hivyo wacheni. Mkisema vegani ni ya wazungu, mnawapa wazungu githeri ya shosho wenu bila hata kuulizwa.

Na mnajua nani anaumia na hiyo kicheko? Si mimi, mimi nimezoea. Ni yule mtoto wa miaka tisa. Hakuamua kuwa tofauti. Mwili wake umemwamulia. Kila mtu mzima akicheka "chakula ya wazungu", mtoto kama huyo anasikia kwamba chakula anayoweza kula ni ya aibu.

Uongo wa tatu: pilipili kwa chokoleti ni mbwembwe

"Sasa pilipili ni ya nini? Mnaharibu chakula mkitafuta watazamaji."

Tulia nikuulize. Ulikula mabuyu ukiwa mdogo ama hukula? Yale mekundu, yanabadilisha ulimi rangi, sukari na pilipili pamoja? Ulikula embe mbichi pale stendi, imekatwa, imepakwa chumvi na pilipili? Umewahi kula achari? Basi wewe umekuwa ukichanganya utamu na moto tangu ukiwa na meno ya utoto. Chai ya tangawizi unaimiminia sukari vijiko vitatu. Leo nikitia pilipili kwa chokoleti ndio unajifanya umeshtuka?

Na chokoleti yenyewe ilianza hivyo. Kakao na pilipili zote asili yake ni bara la Amerika. Wamaya na Waazteki walikuwa wanakunywa kakao, chungu, mara nyingine na pilipili ndani, karne nyingi kabla Wazungu hawajafika kule. Sukari na maziwa ziliongezwa baadaye, Ulaya. Kwa hivyo kama kuna mtu aliiharibu chokoleti, si mimi.

Tena kuna sayansi. Kitu kinachowasha ndani ya pilipili kinaitwa kapsaisini. Hakichomi ulimi kikweli. Kinagusa ile mishipa ya fahamu inayopima joto, na ubongo wako unadhani kuna moto mdomoni. Mwanasayansi David Julius alitumia kapsaisini kugundua jinsi mwili unavyohisi joto, na mwaka 2021 akashiriki Tuzo ya Nobel ya Tiba. Ni kitu kubwa, jameni. Hiyo kapsaisini haipendi maji, inapenda mafuta. Ndio maana ukinywa maji pilipili inazidi kutembea mdomoni. Na ndio maana kwa mafini hutupi pilipili kwa unga kiholela. Unaipasha kwa mafuta kwanza, ienee vizuri, mtu asiume kipande kimoja akalia na kingine asisikie kitu.

Uongo wa nne: vegani maana yake ni salama, ni afya, na dhamiri iko safi

Hapa ndio najilaumu zaidi.

Niliwaambia mwili wenu utawashukuru. Kwa mafini? Mafini kumi na mbili za kawaida zinakula kikombe kizima cha sukari. Gawanya: ni kama vijiko vinne vya chai vya sukari kwa kila moja. Sukari ni ya vegani. Soda ni ya vegani. Chipsi za mafuta ni za vegani. Mafini ni keki ndogo, tuile kama keki, tufurahi, tusidanganyane ati ni dawa.

Halafu usalama. Huyo dada alisikia "haina mayai" akaamini kakake yuko salama. Mimi nilisema hivyo bila kuuliza swali hata moja. Baada ya ujumbe wake nilirudi pale nikauliza. Jikoni ni moja. Mashine ya kukoroga ni moja. Trei ni zile zile zinazooka keki za mayai asubuhi. Kwa mtu aliyeamua tu kutokula mayai, hiyo si shida kubwa. Kwa mtoto mwenye mzio, mabaki kidogo ya yai kwa trei yanatosha kumpeleka hospitali. Neno "vegani" linakwambia kile wamekusudia kuweka ndani. Halikwambii kile kimeingia kwa bahati mbaya. Huyo kijana hakuugua, namshukuru Mungu. Lakini hakuugua kwa bahati tu, si kwa sababu mimi nilifanya kazi yangu.

Kama una mzio ama unanunulia mwenye mzio, uliza maswali mawili: mnatumia vyombo hivyo hivyo kwa keki za mayai? Na nani ameosha? Wakikosa jibu, ondoka. Usione haya.

Na dhamiri. Wengi wanaingia vegani kwa sababu ya huruma kwa wanyama. Naheshimu hiyo kabisa. Lakini kuna watu wanauma mafini ya kakao wakijisikia malaika, na hawajawahi kuuliza kakao imetoka wapi. Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia inatoka Kodivaa na Ghana. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago uliotolewa mwaka 2020 ulikadiria kwamba watoto milioni 1.56 walikuwa kwa ajira ya watoto katika maeneo ya kakao ya nchi hizo mbili. Watoto wa kubeba mizigo, wa kushika panga, wa umri wa huyo kijana wa Kayole. Kama huruma yako inafika kwa kuku na haifiki kwa mtoto, hiyo huruma imeishia wapi?

Sisemi muache chokoleti. Mimi siachi. Nasema tusiuziane utakatifu. Na tukiweza kuchagua, tuchague kwa akili: majirani zetu wanalima kakao. Kyela, kule Mbeya Tanzania, wanalima. Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, wanalima. Ukiona paketi imeandikwa imetoka huko na mfuko unaruhusu, chukua. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola elfu kumi kwa tani, kwa hivyo najua mfuko mara nyingi hauruhusu. Sawa. Lakini angalau uliza.

Sasa tupike

Kwanza, onyo kwa wale wanachukua vipimo vya video za Marekani. Nilifanya hivyo mara tatu. Mara tatu mafini zilipanda vizuri nikashangilia, halafu zikaanguka katikati kama paa la kioski baada ya mvua. Nikadhani ni laana ya wale watu wa mia nne na hamsini.

Kumbe ni Nairobi. Tuko juu ya bahari zaidi ya mita 1,600. Hewa huku ni nyepesi, maji yanachemka kwa kama nyuzi 94 badala ya 100, na ile hewa ya soda inapanuka haraka kuliko unga unavyoshika. Keki inapanda mbio, haijaiva, inaporomoka. Binamu yangu wa Likoni alitumia vipimo hivyo hivyo vya Marekani na mafini zake zilisimama kama askari, kwa sababu yeye yuko pale pale usawa wa bahari. Kwa hivyo kama uko Nairobi, Nakuru, Eldoret, punguza soda. Hakuna mtu kwa zile video atakwambia hivyo, kwa sababu hawajui uko wapi.

Vitu vya kavu: unga wa ngano wa keki kikombe kimoja na nusu. Sukari kikombe kimoja, ama robo tatu kama hupendi tamu sana. Kakao vijiko vinne vikubwa. Chumvi nusu kijiko cha chai. Mdalasini kijiko kimoja cha chai. Tangawizi ya unga nusu kijiko. Bekingi soda kijiko kimoja cha chai ukiwa Pwani, robo tatu ya kijiko ukiwa huku juu. Na tafadhali, bekingi soda si ile magadi ya githeri. Ukitia magadi utakula sabuni.

Vitu vya maji: maji kikombe kimoja, ama tui la nazi jepesi. Huku juu ongeza vijiko viwili vikubwa. Mafuta ya kupika theluthi moja ya kikombe. Siki kijiko kikubwa kimoja, ile nyeupe ya chipsi iko sawa kabisa. Vanila kijiko kimoja cha chai. Pilipili ya unga robo kijiko cha chai. Robo, si kijiko. Kama unapikia mtoto, chukua ncha ya kisu tu, ama uache kabisa.

Kakao iwe kakao tupu. Ile chokoleti ya kunywa ya mkebe imejaa sukari, na nyingine ina maziwa ya unga. Geuza paketi usome. Kama mtoto ana mzio, soma paketi zote, hata ya unga.

Pasha mafuta na pilipili kwa moto mdogo sana, dakika moja. Yakianza kutoa moshi umeharibu, anza upya. Acha yapoe. Washa oveni nyuzi 180, huku juu unaweza kuenda 190. Chekecha vitu vya kavu pamoja. Changanya vya maji kando, siki iingie mwisho. Mimina vya maji kwa vya kavu, koroga kwa mwiko hadi usione unga mkavu, halafu uwache. Uvimbe mdogo mdogo si shida. Ukikoroga kama unapiga ugali, ngano inajivuta na mafini inakuwa mpira.

Usisubiri. Soda imeshaanza kazi. Jaza vikombe hadi theluthi mbili, oka dakika 18 hadi 20. Choma katikati na kijiti, kikitoka kisafi umemaliza.

Huna oveni? Kayole wengi hawana, na hata mimi sikuzaliwa nayo. Chukua sufuria kubwa, weka mchanga mkavu chini, funika, pasha dakika kumi. Weka vikombe vyako ndani, ama bati moja dogo, funika na kifuniko cha bati, na kama unatumia jiko la makaa weka makaa machache juu ya kifuniko. Dakika 25 hadi 30, moto wa chini uwe mdogo. Na jiko la makaa likae nje. Usilifungie ndani ya chumba, ule moshi usioonekana unaua watu kila msimu wa baridi.

Zikipoa kabisa ndio pilipili inaongea. Zikiwa moto unasikia chokoleti peke yake. Subiri. Unameza, unadhani imeisha, halafu koo inapata joto polepole, kama mtu amekuwekea mkono begani.

Nimalizie

Hivi vipimo nilimtumia yule dada kabla sijawatumia nyinyi. Yeye ndiye alijaribu ile ya sufuria, kwa hivyo zile dakika 25 hadi 30 ni zake, si zangu. Alioka za kwanza zikaungua chini. Za pili zikatoka. Aliniambia watoto wa ploti walikuja, na hakuna aliyeambiwa hizi ni za mgonjwa ama za wazungu. Zilikuwa mafini. Ziliisha. Kakake alikasirika kwa sababu alibaki na moja tu, na dada yake anasema hiyo ndiyo mara ya kwanza amemwona akigombania keki kama watoto wengine.

Zile elfu nane siwezi kurudisha kwa kila mtu alinunua kwa sababu yangu. Video nimeifuta. Mia tisa yake na nauli nimemtumia. Alikataa mara mbili, ya tatu akakubali, akaniambia atanunulia kakao.

Kuanzia sasa nikilipwa kusifia kitu, nitasema nimelipwa, pale mwanzo, si kwa maandishi madogo. Na nikipewa bure nitawaambia bei halafu nitajibu lile swali lake: mimi ningelipa? Nishikilieni hapo. Nikisahau, niulizeni mbele ya watu.

Na wewe ambaye bado unaandika "chakula ya wazungu" saa hii, ukishamaliza kuandika, angalia sahani yako. Kama ni ndengu na chapati za mafuta, karibu kwa chama.